Nukta ya Kwanza Kufika Brest: Kisa cha Transcontinental 2019 na Mashabiki Wasioona Mbio

Jumanne tarehe 6 Agosti 2019, saa 1 na dakika 48 asubuhi, Mjerumani wa miaka 24 aitwaye Fiona Kolbinger alifika Brest, mji wa bandari ulio magharibi kabisa mwa Ufaransa. Alikuwa ametokea Burgas, kwenye ukingo wa Bahari Nyeusi nchini Bulgaria, kwa baiskeli. Kilomita kama 4,000 alizimaliza kwa siku 10, saa 2 na dakika 48. Walioanza walikuwa 265, wanawake wakiwa 40, na kabla ya hapo hakuna mwanamke aliyewahi kuibuka mshindi wa jumla wa mbio hizi za Transcontinental. Wa pili, Mwingereza Ben Davies, aliingia zaidi ya saa 10 baadaye.

Magazeti makubwa yaliiandika habari hiyo siku hiyohiyo, na kwa wasomaji wengi ilikuwa mara ya kwanza kusikia kuwa kuna mbio za namna hiyo. Lakini wapo ambao kwao haikuwa habari tena. Walikuwa wamekaa siku kadhaa wakiiona inakuja, na barabarani kote hapakuwa na kamera ya televisheni, helikopta wala mtangazaji. Walikuwa na ramani kwenye skrini na nukta 200 na ushee zinazosogea polepole kuelekea magharibi.

Kisa hiki tunakichambua kwa macho yao. Swali si kwa nini Kolbinger alishinda. Hilo miguu yake inalijibu. Swali ni shabiki aliyekuwa mbali aliwezaje kujua, alijua kiasi gani, na ramani ilimpotosha wapi. Kwenye michezo mingine intaneti imemsogeza shabiki karibu na kitu kilichokuwepo tayari. Kwenye mchezo huu, kabla ya intaneti shabiki hakuwepo kabisa, na huyu aliyezaliwa nayo ana kazi moja ambayo shabiki wa mpira hana: lazima ajifunze kusoma anachokiona.

Mbio zenyewe, kwa kifupi

Transcontinental ilianzishwa mwaka 2013 na Mike Hall, Mwingereza aliyekuwa ameshinda mbio za kuizunguka dunia kwa baiskeli mwaka 2012. Ya kwanza ilitoka London hadi Istanbul. Ya 2019 ilikuwa ya saba, na ndiyo ya kwanza kwenda kutoka mashariki kuelekea magharibi.

Saa inaanza kuhesabu pale Burgas na haisimami hadi Brest. Ukilala, inahesabu. Ukipata pancha, inahesabu. Hakuna gari la timu nyuma yako, hakuna fundi, na huruhusiwi kujikinga upepo nyuma ya mwenzako labda kama mmejiandikisha kama jozi. Chakula, malazi na vipuri unanunua mwenyewe mahali ambapo mshindani mwingine yeyote naye angeweza kununua. Katikati kuna vituo vinne vya ukaguzi ambapo kadi yako inagongwa muhuri. Mwaka huo kituo cha kwanza kilikuwa Buzludzha, kwenye lile jengo la zamani la chama cha kikomunisti lililo juu ya mlima nchini Bulgaria, na cha pili kilikuwa Besna Kobila, Serbia. Viwili vya mwisho vilikuwa kwenye milima ya Alps. Karibu na kila kituo kuna kipande cha njia ya lazima, kwa kawaida mlima mkali, ambacho kila mtu anapaswa kukipita kama kilivyochorwa. Nje ya vipande hivyo kila mshindani anajipangia njia. Kinachokatazwa ni barabara chache tu, zilizopigwa marufuku kwa sababu ya wingi wa magari.

Hilo la kujipangia njia ndilo linaloipa ramani ya shabiki utamu wake, na ndilo linalomchanganya zaidi. Tutalirudia.

Shabiki kabla ya nukta

Mwaka 1999 Mmarekani John Stamstad aliendesha baiskeli peke yake kwenye njia ndefu ya Milima ya Rocky akishindana na saa tu. Mwaka 2004 yakaja mashindano kamili kwenye njia hiyo. Washindani walikuwa wakiripoti kwa simu za vibanda wakifika mjini: mtu anapiga, anaacha ujumbe kuwa amefika mahali fulani, amechoka, tairi limemsumbua. Ujumbe huo ndio uliokuwa taarifa nzima ya siku. Asipopiga, hajulikani alipo. Akipiga saa sita baada ya kupita sehemu ngumu, unasikia kuhusu sehemu hiyo wakati yeye ameshaisahau.

Kifuatiliaji cha SPOT, kifaa kidogo kinachotuma mahali ulipo kupitia setilaiti, kilipoingia sokoni mwishoni mwa 2007, mbio za Tour Divide za mwaka uliofuata (kutoka Banff, Kanada, hadi mpaka wa Mexico, kilomita kama 4,400) zikawa na kitu kipya: ramani ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua. Hall alipoanzisha Transcontinental miaka mitano baadaye, nukta ilikuwa sehemu ya mchezo tangu siku ya kwanza. Waandaaji hawakuhitaji kulipia matangazo ya moja kwa moja. Walihitaji vifaa vidogo, seva na ukurasa mmoja.

Safari ya nukta moja

Shabiki mpya hudhani nukta ni mtu. Nukta ni ujumbe wa mwisho uliofanikiwa kufika, na tofauti hiyo inazaa karibu makosa yote yanayofuata.

Kifaa cha kawaida cha mbio hizi kina ukubwa wa kiganja au chini ya hapo, na hufungwa juu ya mfuko wa nyuma ya tandiko au kwenye usukani, uso ukitazama juu. Ndani kina kipokezi cha GPS kinachojua kilipo. Kila baada ya muda uliopangwa, mara nyingi dakika 5 au 10, kinarusha ujumbe mfupi kwenda kwa setilaiti: niko hapa, saa hizi. Setilaiti inaushusha kituoni, kituo kinaupeleka kwenye seva, na seva inachora nukta. Vipo pia vifaa vinavyotumia laini ya simu badala ya setilaiti. Hivyo hufanya vizuri mijini na kupotea milimani ambako hakuna mtandao.

SPOT ya kizazi cha tatu, ambayo wengi waliizoea miaka hiyo, hurusha upande mmoja tu. Hairudishiwi jibu kuwa ujumbe umefika. Mshindani anaona taa ya kijani ikimetameta na kuamini mambo ni shwari, kumbe ujumbe wa nusu saa nzima umeishia kwenye kuta za bonde. Mambo yanayoiua nukta ni yaleyale kila mwaka. Kifaa kimepinduka na kutazama chini baada ya mashimo ya barabarani. Mvua imenyesha, koti limewekwa juu ya mfuko na kukifunika. Mtu kaingia kwenye handaki au msitu mzito. Betri nazo: kifaa hicho hutumia 4 za AAA, na mtengenezaji anataka za lithiamu. Anayeishiwa na kuweka za alkali za dukani atashangaa zikimwishia mapema, hasa usiku wa baridi mlimani.

Halafu kuna kihisi cha mtikisiko. Baadhi ya vifaa, vikiona havitikisiki, huacha kurusha ili kulinda betri. Kwa shabiki hili ni balaa, maana mtu aliyelala, mtu anayeziba pancha na mtu ambaye kifaa chake kimekufa wote wanaonekana sawa: nukta ileile, mahali palepale.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kukitazama ukibonyeza nukta ni saa ya ujumbe wa mwisho. Jina na namba ya kofia (washindani wa Transcontinental hupewa kofia yenye namba, na wengi huwatambua kwa namba hiyo) vinaweza kusubiri. Kama saa inasonga na mahali hapasongi, mtu yupo na kifaa kizima, amesimama. Kama nukta inacheza mita kumi huku, ishirini kule, kifaa kiko ndani ya jengo na GPS inapepesuka: huyo kapata chumba. Kama saa nayo imeganda, hujui kitu, na uaminifu ni kukubali hivyo.

Kasi inayodanganya

Ukurasa wa ramani huonyesha kasi. Mara nyingi imepatikana kwa kuchukua umbali wa mstari mnyoofu kati ya ujumbe mmoja na unaofuata, kisha kugawa kwa muda. Kwenye tambarare haina shida. Kwenye Alps inatia aibu.

Chukua Alpe d'Huez, moja ya milima ya njia ya lazima ya mwaka huo: kona 21, kilomita karibu 14, kupanda mita zaidi ya 1,000. Mshindani mwenye mizigo aliyekwisha kukata kilomita elfu tatu akipanda kwa kilomita 8 na nusu kwa saa, ndani ya dakika 10 atakuwa amemaliza kilomita 1.4 za lami. Lakini lami hiyo imejikunja mara mbili au tatu, na kwa mstari mnyoofu huenda amesogea mita 500. Ramani itaandika kilomita 3 kwa saa. Hapo utawaona watu wakitangaza kuwa mtu ameishiwa nguvu na anasukuma baiskeli, ilhali yuko kwenye mwendo wake.

Kwenye mteremko, kinyume chake. Anayeshuka kwa kilomita 60 kwa saa anaweza kusogea kilomita 10 kati ya ujumbe na ujumbe. Ndiyo maana pengo la kilomita 5 baina ya nukta mbili si pengo. Mmoja anaweza kuwa ameripoti dakika moja iliyopita na mwenzake dakika tisa zilizopita, na barabarani wanaonana kwa macho. Kabla ya kusema nani anamkimbiza nani, linganisha saa za ujumbe wao kwanza.

Nani yuko mbele?

Kwenye Tour Divide swali hili ni jepesi kwa sababu njia ni moja. Umbali uliosafiri kwenye mstari ndio nafasi yako. Kwenye Transcontinental ni swali gumu kiasi kwamba orodha ya nafasi iliyo kando ya ramani isichukuliwe kama msimamo wa ligi.

Tazama kipande cha mwisho cha 2019. Kituo cha nne kilikuwa Bourg d'Oisans, chini ya Alpe d'Huez, na kutoka hapo hadi Brest ni kama kilomita 1,000 za kukatiza Ufaransa yote kwa mshazari. Baada ya Alps hakuna kinachomlazimisha mtu kupita popote. Mmoja anaweza kutafuta mabonde ya mito hata kama yanarefusha safari, mwingine akakata moja kwa moja juu ya vilima vya katikati. Baada ya siku moja nukta zao zinaweza kuwa mbalimbali kaskazini na kusini, na mstari mnyoofu hadi Brest ukasema wako sawa, wakati mmoja amebakiwa na mita nyingi zaidi za kupanda.

Wanaoufuata mchezo huu kwa makini hufanya hesabu yao wenyewe, na si ngumu:

Chukua mahali alipo mshindani kwenye ujumbe wa mwisho. Fungua programu yoyote ya kupanga njia za baiskeli, uweke hapo kama mwanzo na mstari wa kumalizia kama mwisho. Kama kuna njia ya lazima mbele yake, weka alama pale inapoanzia na inapoishia, vinginevyo programu itaikwepa. Andika kilomita zilizobaki na mita za kupanda zilizobaki. Kisha tafuta wastani wake wa saa 48 zilizopita, pamoja na usingizi na kusimama kote, na ugawe kilomita zilizobaki kwa wastani huo. Fanya hivyohivyo kwa anayemfuata. Matokeo ni makadirio ya saa ya kufika, na tofauti ya saa hizo ndilo pengo la kweli.

Saa 48 tunazisisitiza kwa sababu. Ukitumia saa 12 utamkuta mmoja amelala ndani ya muda huo na mwingine hajalala, na hesabu itampendelea ambaye bado anadaiwa usingizi. Ukitumia wastani wa tangu mwanzo unachanganya tambarare na Alps.

Sasa tuweke namba za kisa chenyewe. Kilomita 4,000 kwa saa 242 na dakika 48 ni wastani wa kilomita 16.5 kwa saa, kila kitu kikiwemo. Kwa siku ni karibu kilomita 395. Kwa mwendo huo, pengo la saa 10 linalomtenga wa kwanza na wa pili ni kilomita zipatazo 165, na kwenye ramani ya Ufaransa huo ni umbali unaoonekana bila kuikuza ramani.

Lakini gawanya saa 10 hizo kwa siku 10 za mbio. Ni saa moja kwa siku. Hatusemi ndivyo ilivyokuwa hasa kwa Davies. Tunachosema ni kwamba pengo linalosomeka kama ushindi mkubwa linaweza kutokana na kusimama dakika 20 zaidi dukani mara tatu kwa siku. Mtu anayelala saa 4 na kupoteza saa 2 nyingine kwa chakula na matengenezo amebakiwa na saa 18 za kuendesha, na kilomita 395 kwa saa 18 ni kilomita 22 kwa saa. Si kasi ya kutisha. Kinachotisha ni kuirudia kesho na kesho kutwa. Shabiki anayekodolea kasi ya nukta inaposogea anatazama pasipofaa. Mchezo uko kwenye nukta iliyosimama.

Mtego wa saa

Huu ni mdogo, ila kila mwaka unawanasa watu wapya. Mbio zilianza Burgas tarehe 27 Julai saa 12 asubuhi, saa za Bulgaria. Kolbinger alifika saa 1 na dakika 48 asubuhi, saa za Ufaransa. Ukihesabu kwa vidole unapata siku 10, saa 1 na dakika 48, na matokeo rasmi yanasema saa 2. Saa iliyopotea iko kwenye tofauti ya majira: Burgas ilipokuwa saa 12, Brest ilikuwa saa 11 alfajiri. Anayetunza jedwali lake la vituo aandike kila kitu kwa majira mamoja tangu mwanzo, yaani majira ya dunia (UTC), na ageuze mwishoni kabisa. Ramani nyingi huonyesha saa za kifaa cha mtazamaji mwenyewe bila kumwambia.

Piano

Alipofika kituo cha nne akiwa wa kwanza, Kolbinger alikaa kwenye piano iliyokuwepo pale na kupiga. Mtu alirekodi, video ikasambaa, na kwa siku moja ikawa imewavuta watu wengi kuliko ramani ilivyowavuta wiki nzima.

Kwa mchambuzi video ile ina thamani, ila si ile iliyodhaniwa. Wengi waliitafsiri kuwa ni uthibitisho kwamba hajachoka. Sekunde chache za piano hazisemi chochote kuhusu miguu ya mtu, na wasimamizi wa vituo wamezoea kuona washindani wakicheka kwenye kituo kisha wakajitoa mlima unaofuata. Jambo ambalo video ilionyesha na ramani isingeweza ni kwamba hakuwa na haraka ya woga. Anayeogopa kukamatwa hagusi piano; anakula akiwa amesimama, anagonga muhuri na kuondoka. Ukiunganisha hilo na pengo la saa lililokuwa likisomeka kwenye ramani, unapata picha ya mtu anayejua hesabu yake. Baadaye mwenyewe alieleza kuwa alikuja akiwaza labda nafasi za juu za wanawake, hakuwahi kufikiria kushinda mbio nzima.

Hapo ndipo mtandao ulifanya kazi mbili tofauti, na afadhali tusizichanganye. Ramani iliwapa mashabiki wa zamani ushahidi siku nyingi kabla. Picha na video za wasimamizi wa vituo ziliwapa watu wa nje sababu ya kujali. Bila ya kwanza, ya pili ingekuwa kichekesho cha hotelini tu.

Nukta inayorudi nyuma

Kwa kulinganisha, chukua Juni 2016, mbio za Trans Am zinazokatiza Marekani kutoka Astoria, Oregon, hadi Yorktown, Virginia. Usiku wa mwisho, aliyekuwa akiongoza, Steffen Streich, alionekana kwenye ramani akienda kinyume, akirudi alikotoka. Mtazamaji ana maelezo kadhaa ya kuchagua: kasahau kitu, kapotea, anatafuta chakula, kifaa kina hitilafu. Ukweli ulikuwa kwamba alilala kidogo, akaamka akiwa amechanganyikiwa na kushika njia upande usio sahihi, hadi akakutana uso kwa uso na Lael Wilcox aliyekuwa akimfukuza. Wilcox akampita na kushinda kwa siku 18 na dakika 10, akiwa mwanamke wa kwanza kushinda mbio hizo kwa jumla.

Ramani ilionyesha tukio lenyewe kikamilifu na haikusema hata neno kuhusu sababu yake. Pengo hilo kati ya mahali na sababu ndilo linalojazwa na maneno ya watu usiku kucha, na sehemu kubwa ya maneno hayo huwa ya uongo bila nia mbaya.

Shabiki akigeuka mwamuzi, au kikwazo

Waandaaji hawawezi kutazama nukta 265 kwa siku kumi mfululizo. Mashabiki wanaweza, na wanafanya. Ndio huona kwanza kuwa mtu amegusa barabara iliyopigwa marufuku, au amekata kona ya njia ya lazima, au anasogea kwa kilomita 110 kwa saa sambamba na reli. Huyo wa mwisho karibu kila mara ni mtu aliyekwisha jitoa, yuko kwenye treni kurudi nyumbani, na kasahau kuzima kifaa. Kabla ya kupaza sauti, tazama kama jina lake tayari lina alama ya kujitoa.

Kwa hayo mengine mawili, kumbuka kwamba nukta kila dakika 10 haithibitishi barabara. Mara nyingi barabara kuu na njia ya pembeni hukimbia sambamba, mita 30 kati yao, na mstari uliochorwa na seva kuunganisha nukta mbili si njia aliyopita mtu. Waandaaji huamua kwa kadi ya mihuri, rekodi ya kompyuta ya baiskeli ya mshindani mwenyewe na maelezo yake. Aliyekosea njia ya lazima anaweza kurudi pale alipoiacha na kuimaliza, kwa hiyo nukta inayorudi nyuma wakati mwingine ni mtu mwaminifu anayelipa deni lake. Asiporudi, kuna adhabu za muda. Kwa sababu hiyo nafasi za nyuma ya mshindi zinaweza kubadilika baada ya watu kuvuka mstari.

Upande wa pili ni mzito zaidi. Nukta inamwonyesha shabiki mshindani alipo, na shabiki anayeishi jirani anashawishika kwenda. Kusimama barabarani na kupiga makofi hakuna shida. Kumpa maji, ndizi au tairi kunavunja sheria, maana mshindani mwingine hatapata hicho kitu, na anayeumia ni mshindani, si mtoaji. Kumtangazia mtu hoteli aliyolala, kumsubiri gizani, au kumfuata nyuma kwa gari lenye taa kali ni upumbavu mtupu. Mwanamke aliye peke yake usiku, na dunia nzima inajua kona aliyolalia, yuko kwenye hatari ambayo mchezo huu umechelewa kuizungumza. Dawa ipo na ni rahisi: kuchelewesha nukta kwa umma huku waandaaji wakibaki na ya papo hapo. Shabiki atalalamika. Alalamike.

Washindani nao wana simu. Mtu aliyelala kwenye kituo cha basi anaamka, anafungua ramani ileile, anaona anayemfuata amesogea kilomita 40, anaingia barabarani saa mbili kabla ya mpango wake. Wapo wanaojizuia kuitazama kabisa. Yeyote anayedai kuwa ramani ni ya watazamaji tu hajaelewa inavyobadilisha usingizi wa wanaotazamwa.

Nukta ikisimama

Alfajiri ya tarehe 31 Machi 2017, kusini mwa Canberra, Mike Hall aligongwa na gari na kufariki akiwa kwenye mbio za kukatiza Australia, akiwa nafasi ya pili. Nukta yake ilisimama, mbio zikakatishwa. Kila anayeufuata mchezo huu tangu hapo huitazama nukta iliyoganda barabarani usiku kwa moyo tofauti.

Hofu hiyo inaeleweka, ila inahitaji utaratibu. Tazama saa ya ujumbe wa mwisho. Sogeza picha ya setilaiti uone palipo: kituo cha mafuta, kibanda cha basi, uwanja wa kanisa, hoteli? Hizo ni sehemu za kulala. Angalia kama wengine waliopita hapo nao nukta zao zilikatika, maana hiyo ni dalili ya bonde lisilo na mawimbi. Linganisha na usiku wake uliopita: mtu aliyesimama saa 5 usiku kwa siku tatu mfululizo akisimama tena saa 5 usiku, kalala. Kama nukta iko katikati ya barabara kuu, haina jengo karibu, ni nje ya mazoea yake na zaidi ya saa moja imepita, waandikie waandaaji kwa njia waliyoitangaza, ukitaja namba ya kofia, mahali na saa. Usiwapigie ndugu zake, na usiandike hadharani. Waandaaji wana namba ya simu ya mshindani na ya mtu wake wa dharura. Wewe una skrini.

Baada ya mbio

Ramani ya mbio iliyokwisha kwa kawaida ina kitufe cha kurudia, na hapo ndipo anayetaka kuelewa hujifunza zaidi kuliko wakati wa mbio zenyewe. Chagua nukta mbili tu, si 265. Buruta saa taratibu na uandike kila kusimama kunakozidi dakika 15: kulianza lini, kuliisha lini, mchana au usiku. Jumlisha kwa kila siku. Weka jumla hizo kando ya kilomita za siku hiyo. Ukifanya hivyo kwa mshindi na kwa mtu wa nafasi ya ishirini, kwa kawaida utakuta kasi yao wakiwa kwenye baiskeli inakaribiana kuliko ulivyotarajia, na jumla za muda wa kusimama haziko karibu hata kidogo. Kisha rudia kwa mtu wa nafasi ya mia na hamsini, anayelala hotelini saa saba kila usiku na kula mezani. Huyo naye yuko kwenye mbio zilezile, na nukta yake ni rahisi zaidi kuisoma.